Ni Orijino au ni Feki?

Mafungu ya kusoma: 2 Samweli 23:13–17, Matendo ya Mitume 5:1–4, Mwanzo 24:22–33



Ukiishi Eastleigh kuna swali moja utalisikia tangu asubuhi hadi maduka yafungwe. Ukiingia Garissa Lodge kutafuta viatu, unauliza. Ukinunua simu Mtaa wa Kwanza, unauliza. Manukato, saa, hata pazia la dirisha: "Hii ni orijino ama ni feki?" Na jibu mnalijua. Hakuna muuzaji aliyewahi kukwambia, "Mama, hii ni feki." Kila kitu hapa ni orijino!

Jumapili iliyopita nilihubiri juu ya swali hilo kwa sababu lilikuja ofisini kwangu likiwa na machozi. Kijana mmoja wa kanisa hili alimvisha mchumba wake pete ya almasi. Wawili hao wamenipa ruhusa niwasimulie, bila majina. Kijana alikwenda duka moja la vito mjini, akaonyeshwa pete mbili zinazofanana kabisa. Ya kwanza ilikuwa na almasi iliyochimbwa ardhini, bei zaidi ya Sh150,000. Ya pili ilikuwa na almasi iliyotengenezwa maabara, Sh45,000. Muuzaji hakumficha kitu, alimweleza tofauti yote. Kijana akachukua ya maabara, akalipa pesa zake mwenyewe, bila deni. Mpaka hapo, wapendwa, sioni kosa lolote.

Siku ya kupeleka utambulisho kwa kina msichana, shangazi mmoja akaushika mkono wa bibi arusi mtarajiwa, akaugeuza kwenye mwanga, akauliza: "Hii ni ya kuchimbwa, ama ni hizi za mashine?" Kijana akajibu haraka, "Ya kuchimbwa, shangazi. Imetoka Afrika Kusini." Shangazi akapiga vigelegele. Chakula kikaletwa.

Pete ilikuwa inamlegea dada yetu kidoleni. Baada ya wiki chache akaipeleka kwa sonara hapa hapa Eastleigh aipunguze. Sonara akaweka lenzi jichoni, akaona ukingoni mwa jiwe maandishi madogo sana, yale ambayo jicho tupu haliwezi kuyaona. Akamsomea. Yalisema jiwe limekuzwa maabara.

Alikuja kwangu jioni ya Jumatano, pete ikiwa kwenye mkoba. Akasema, "Pasta, amenipa kioo." Nikamwambia anipe siku chache, kwa sababu na mimi sikujua. Nikasoma, nikauliza wanaojua kazi hiyo. Nawaletea nilichokipata.

Jiwe lenyewe ni nini?

Almasi ni kaboni tupu. Makaa unayopikia nayo kwa sehemu kubwa ni kaboni. Ile inayochora ndani ya penseli ya mtoto pia ni kaboni. Tofauti ni jinsi ilivyokandamizwa na kupangwa. Almasi ya mgodini ilipikwa chini sana ardhini, zaidi ya kilomita 100 kwenda chini, kisha milipuko ya kale ikaipandisha juu. Almasi ya maabara hupikwa kwa wiki chache. Njia moja ni kuikandamiza kaboni kwa nguvu na joto kali, nyingine ni kuijenga tabaka juu ya tabaka kutoka kwenye gesi. Kampuni ya General Electric ya Marekani ilifaulu kuitengeneza mwaka 1954. Kwa miaka mingi zilitumika zaidi viwandani, kukatia na kutobolea vitu vigumu. Siku hizi zimejaa kwenye pete.

Ile kalamu ambayo sonara huigusisha kwenye jiwe hupima jinsi joto linavyopita. Almasi ya mgodini inapita mtihani huo, na ya maabara inapita pia, kwa sababu zote mbili ni almasi. Kuzitenganisha kunahitaji mashine maalumu za wataalamu, cheti, au yale maandishi ya ukingoni.

Kwa hiyo nilimwambia dada yetu, "Hujapewa kioo. Umepewa almasi." Akanyamaza kidogo, kisha akasema neno ambalo halijanitoka: "Pasta, basi mbona amenidanganya?"

Dhambi haikuwa shambani

Fungua Matendo 5. Anania na Safira waliuza shamba, wakaleta sehemu ya pesa, wakajifanya wameleta zote. Petro hakumwambia Anania kwamba angepaswa kuleta zote. Alimkumbusha kwamba shamba lilikuwa lake kabla hajaliuza, na hata baada ya kuliuza pesa zilikuwa mkononi mwake. Angeleta nusu akasema ni nusu, angerudi nyumbani salama. Kilichomwua ni kutaka sifa ya sadaka kubwa kwa bei ya sadaka ndogo.

Mwambie jirani yako: sifa ya kubwa kwa bei ya ndogo!

Ndivyo alivyofanya kijana wetu. Pete ya Sh45,000 alikuwa na uhuru wa kuinunua. Alitaka tu heshima ya pete ya Sh150,000 mbele ya shangazi. Jiwe lilikuwa orijino. Neno lake ndilo lilikuwa feki.

Sasa mtazame yule mtumishi wa Ibrahimu katika Mwanzo 24. Alimpa Rebeka pete ya dhahabu na vikuku, hivyo wale wanaosema kila pambo ni dhambi na waisome sura hiyo taratibu. Lakini chakula kilipowekwa mbele yake alikataa kula mpaka aseme yeye ni nani, katumwa na nani, na amekuja kutafuta nini. Vijana wangu, mmesikia? Ukifika kwa wakwe, ukweli utangulie, chapati zifuate.

Lakini je, ya mgodini ndiyo safi?

Hapa wengine mmeanza kusema amina upande mmoja. Ngojeni. Shangazi alifikiri jiwe la kuchimbwa ndilo lenye heshima. Na tuiulize heshima hiyo maswali yake.

Hatuhitaji kwenda mbali. Hapa jirani, Shinyanga nchini Tanzania, kuna mgodi wa Mwadui. Mwanajiolojia kutoka Kanada, John Williamson, aligundua almasi pale mwaka 1940. Mwaka 1947 likapatikana jiwe la rangi ya waridi lenye karati 54.5. Williamson alimpa Binti Mfalme Elizabeth, aliyeolewa mwaka huo, na lilipokatwa likabaki karati 23.6. Ndiye huyu Elizabeth aliyekuwa hapa Kenya, Treetops kule Nyeri, mwaka 1952 baba yake alipofariki naye akawa malkia. Jiwe la Shinyanga likawa pambo kifuani mwa malkia wa Uingereza. Picha zake zipo.

Picha ambazo hazikupigwa sana ni za majirani wa mgodi. Mwaka 2021 kampuni ya Petra Diamonds, iliyokuwa na hisa kubwa pale, ilikubali kulipa pauni milioni 4.3 kumaliza madai ya watu 71 waliosema wao au jamaa zao waliumizwa au kuuawa katika shughuli za ulinzi wa mgodi. Kampuni ililipa bila kukiri kosa kisheria. Na Novemba 2022 ukuta wa bwawa la tope la mgodi huo ulibomoka, tope likafunika nyumba na mashamba ya watu. Tunamshukuru Mungu hakuna aliyekufa.

Kule Sierra Leone ilikuwa mbaya zaidi. Vita vya 1991 hadi 2002 vililishwa na almasi, na watu walikatwa mikono. Ndipo mataifa yakaanzisha Mpango wa Kimberley, ulioanza kazi mwaka 2003, ili almasi zinazofadhili waasi zisiingie sokoni. Ni jambo jema. Lakini mpango huo unatazama almasi za waasi wanaopigana na serikali. Mchimbaji akipigwa na askari wa mgodi, hilo halimo katika maana yake ya almasi ya vita. Kwa hiyo muuzaji akikwambia jiwe lina cheti cha Kimberley, amejibu swali moja, hajajibu yote.

Daudi alikuwa pangoni Adulamu, ana kiu. Akasema kwa hamu, laiti angepata maji ya kile kisima cha langoni Bethlehemu. Mashujaa watatu wakapenya kambi ya Wafilisti, wakateka, wakamletea. Maji yalikuwa safi. Yalikuwa orijino kabisa, kutoka kisima chenyewe! Lakini Daudi alikataa kuyanywa. Aliyamimina mbele za Bwana, kwa sababu aliona ndani yake damu ya watu waliohatarisha roho zao kwa ajili ya hamu yake.

Kumbe kitu kinaweza kuwa orijino na bado usiweze kukinywa.

Usitoke hapa ukasema pasta amepiga marufuku migodi. Kuna wachimbaji wanaokula jasho lao halali. Botswana imejenga shule, barabara na hospitali kwa pesa za almasi, na bei ya mawe ya maabara iliposhuka, nchi hiyo imeumia. Wala usiseme ya maabara haina doa. Nyingi zinatengenezwa China na India kwa umeme mwingi, na sehemu kubwa ya umeme wa nchi hizo inatokana na makaa ya mawe. Wakubwa nao sasa wanazipokea: mwaka 2023 Waziri Mkuu Modi wa India alimpa mke wa Rais Biden almasi ya maabara ya karati 7.5. Mwaka 1947 zawadi ya wakubwa ilitoka shimoni Shinyanga. Miaka 76 baadaye ilitoka kwenye mashine. Dunia inabadilisha mawe. Mungu anaendelea kuuliza habari za moyo na za jirani yako.

Kabla hujatoa pesa

Vijana mnaojiandaa kuoa, na wazazi mnaowasukuma, shikeni maswali matatu.

La kwanza: naweza kusema ukweli wote juu ya jiwe hili mbele ya shangazi? Mithali 11:1 inasema Bwana anachukia mizani ya udanganyifu, na ulimi pia ni mizani. Omba cheti, mwambie muuzaji akuonyeshe kwa lenzi maandishi ya ukingoni kama yapo, na risiti iandikwe ni almasi ya aina gani. Ndugu zetu mnaouza dukani, hili ni lenu pia. Mteja hawezi kuona tofauti kwa macho. Hapo ndipo Mungu anapokupima.

La pili: ni nani aliyelipia jiwe hili kabla yangu? Uliza limetoka nchi gani, mgodi gani, au maabara gani. Muuzaji asipojua, sema asante, nenda duka linalofuata. Maduka hayaishi Nairobi.

La tatu: nani atalilipia baada ya harusi? Kama ni mkopo wa simu utakaokula unga wa nyumba yako miezi kumi na minane, hilo jiwe ni zito kuliko kidole cha mke wako. Na usijidanganye eti unaweka akiba. Bei za almasi za maabara zimeporomoka sana miaka hii, na hata ya mgodini ukirudi kuiuza kwa kawaida hupati ulichotoa. Pete ya dhahabu nyembamba isiyo na jiwe inafungisha ndoa sawasawa. Mimi na mama mchungaji tulifungia ya fedha, na bado tuko pamoja.

Ncha ya almasi

Mnauliza, wale wawili je? Nilimwita kijana. Nilifikiri atajitetea, hakujitetea. Jumamosi iliyofuata alirudi peke yake kwa kina msichana, akaomba shangazi wakae, akasema: "Niliwadanganya. Jiwe ni la maabara, nililinunua Sh45,000, na niliona aibu." Shangazi yule yule alimtazama muda mrefu, kisha akasema, "Kaa chini, ule." Dada yetu bado hajaivaa pete. Anasema jiwe halimsumbui, anataka kwanza kuona kama neno la huyu kijana limepona. Nimemwambia asiharakishwe na mtu, hata na mimi. Matangazo ya ndoa yatasomwa siku atakayosema yeye.

Nabii Yeremia, sura ya 17, anaeleza dhambi ya Yuda kuwa imechorwa mioyoni mwao kwa ncha ya almasi, yaani kwa kitu kigumu ambacho mchoro wake haufutiki upesi. Kila pete inaandika kitu moyoni mwa anayevishwa. Ya kwako itaandika nini? Jiwe likiwa la Mwadui au la maabara, mke wako asome ukweli pale.

Tuombe: Bwana Yesu, wewe ulitununua kwa bei halisi na hukutuficha chochote. Uponye ulimi wetu. Utufundishe kuuliza habari za ndugu tusiowaona, wa mashimoni na wa viwandani. Uzilinde nyumba zinazoanza katika kanisa hili zisisimame juu ya deni wala uongo. Amina.

Kwa ushirika wa nyumbani wiki hii

1. Kuna kitu gani nyumbani mwako ambacho umewaambia watu bei au asili yake isiyo kweli? Kwa nini?
2. Soma 2 Samweli 23:13–17. Taja kitu unachokitumia kila siku ambacho hujawahi kuuliza nani alikihangaikia.
3. Wazazi na mashangazi: maswali yetu kwa vijana yanawasaidia kusema ukweli, au yanawafundisha kudanganya?