Simama Nje ya Mlango

Somo: Kumbukumbu la Torati 24:10-13; Walawi 25:29-30



Swali hili naulizwa sana siku hizi. Wengi wetu hapa Kisumu hatuna barua ya mshahara ya kupeleka benki. Tunauza samaki, tunaendesha boda, tuko jua kali. Kwa hiyo tunauziana nyumba pole pole: mnunuzi anatoa malipo ya kwanza, anahamia, analipa kila mwezi, na hati ya ploti inabaki kwa muuzaji mpaka shilingi ya mwisho. Mpango ni mzuri mpaka malipo yakatike. Je, aliyeokoka anaweza kumtoa ndugu yake katika nyumba hiyo?

Tuchukue mfano. Mama mjane ameuza nyumba Mamboleo kwa shilingi 2,400,000. Mnunuzi, mfanyabiashara wa samaki pale Kibuye, ametoa 600,000, kisha 50,000 kila mwezi kwa miezi 14. Biashara ikaanguka. Sasa ni miezi 8 hajalipa, na simu hashiki.

Jibu langu ni ndiyo, mama anaweza kuvunja mkataba. Tusimhubirie yeye peke yake habari za rehema huku watoto wake wamerudishwa nyumbani kwa karo. Dawa ya deni ni kulipa, na ukishindwa kulipa, angalau shika simu. Ndugu anayekwepa mwenye haki yake Jumatatu na kuinua mikono kanisani Jumapili ana jambo la kutengeneza na Mungu.

Lakini haki ya kuvunja si haki ya kuvunja kwa namna yoyote. Katika Kumbukumbu la Torati, Mungu anamkataza mwenye kudai asiingie katika nyumba ya mdaiwa kuchukua rehani. Asimame nje, mdaiwa mwenyewe amletee. Deni halikufutwa, ila mlango wa maskini uliheshimiwa. Na sheria yetu ya Kenya inafanana na hilo. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, kifungu cha 39, inasema mnunuzi akiwa ameshaingia, muuzaji atairudisha ardhi kwa amani au kwa amri ya mahakama. Mnunuzi naye anaweza kuiomba mahakama imhurumie. Basi kung'oa mabati, kubadilisha kufuli usiku, kuleta vijana wa mtaa, hayo si ya mtu wa Mungu.

Tena rehema iwe na tarehe. Katika Walawi, aliyeuza nyumba ndani ya mji wenye ukuta alipewa mwaka mzima wa kuikomboa, na mwaka ukiisha, imekwisha. Mwandikie ndugu yako notisi: deni ni kiasi hiki, muda ni huu, baada ya hapo mkataba umekufa. Kumvumilia mtu bila kumwambia mwisho ni lini kunawaumiza wote wawili.

Sasa tufike penye uchungu: pesa zilizokwisha lipwa. Ndugu huyu ametoa 1,300,000. Wengi husema, "Si alikuwa anakaa? Hiyo ni kodi." Hebu tuhesabu. Tuseme nyumba kama hiyo hukodishwa 20,000 kwa mwezi. Miezi 22 ni 440,000. Weka ukarabati 60,000. Zinabaki 800,000. Hizo ni za nani? Hata kama mkataba uliandikwa kwamba akishindwa anapoteza zote, mbele za Mungu naona ni jasho la ndugu. Ukibaki na nyumba na pesa zote, kushindwa kwake kumekuwa faida yako.

Mama atasema, "Mchungaji, hizo nimelipia karo, ziliisha." Namwamini. Basi na waketi na wazee na wakili, waandike kwamba nyumba ikiuzwa tena, ndugu atalipwa fungu lake. Siku hiyo mwenye kudai amekuwa mdaiwa, na atajua jinsi inavyokuwa kuomba muda. Yule mtumwa wa Mathayo 18 alisahau hilo, akamkaba mwenzake.

Wiki hii, kama una nyumba yenye mgogoro namna hii, usitume vijana. Chukua kalamu, piga hesabu yako na ya mwenzako. Kisha nenda, usimame nje ya mlango, ubishe hodi.

Mungu awabariki. Amina.