Mizani ya Rai na Dhamiri ya Mtu

Katika zama zetu hizi kumezuka mizani za kupimia rai za watu katika mambo ya siasa. Mtu hukaa peke yake na simu yake, huulizwa maswali, hujibu, kisha huambiwa: wewe u wa kushoto, au wewe u wa kulia. Mojawapo iliyo mashuhuri ni Political Compass, iliyoanza katika intaneti mwaka 2001. Hiyo humwekea mtu maneno 62, na kwa kila neno humpa majibu manne tu: kukataa kabisa, kukataa, kukubali, na kukubali kabisa.

Hatusemi kuwa mizani hizi hazina faida. Humfanya mtu afikiri juu ya mambo ambayo pengine hajapata kuyafikiri. Lakini yatupasa tuulize: hupimwa nini hasa?

Neno la kwanza katika hayo 62 maana yake ni kwamba, ikiwa utandawazi wa uchumi hauepukiki, basi uwatumikie wanadamu kwanza kuliko makampuni makubwa. Ni nani atakayesema, "La"? Tajiri atakubali, na mtumishi wake atakubali. Hitilafu yao hudhihiri siku ya kuongeza mshahara, itakapombidi mmoja wao kupoteza kitu. Jibu la kwenye simu halimgharimu mtu hata senti.

Tena, asiyejua atajibu nini? Wanavyuoni walihesabu neno "sijui" kuwa ni nusu ya elimu. Mizani hii haina nafasi yake.

Wapo waliojitahidi zaidi. Ujerumani, idara ya serikali ya elimu ya siasa ina Wahl-O-Mat tangu mwaka 2002. Hiyo humruhusu mtu kutoelemea upande wowote, na kulipa uzito maradufu neno alionalo kubwa. Hata hivyo, Mei 2019 mahkama ya Köln iliizuia, nayo ikasimama kwa siku chache, kwa kuwa mtu aliweza kujilinganisha na vyama visivyozidi vinane kwa mara moja, na vyama vidogo vikadhurika. Basi hapana mizani isiyokuwa na mkono wa aliyeiunda.

Lakini dhara kubwa zaidi ni lile la baada ya kupimwa. Mtu akisha kupewa jina la kushoto au la kulia, hulishika kama nasaba. Likizuka jambo jipya, haulizi tena, "Haki iko wapi?" bali, "Wenzangu wasemaje?" Huko ni kufuata kwa upofu, na aliyejifunga kamba ni yeye mwenyewe.

Ndugu msomaji, ukitaka kujipima, jiulize: rai yangu imenigharimu nini? Ni lini nilipoiacha baada ya kudhihirikiwa kuwa nimekosa? Na je, niliisema mbele ya aliye na uwezo wa kunidhuru? Maswali haya ni matatu tu, wala hapana wa kukujibia ila nafsi yako.