Kaa na Baba Yako

Mwanangu, keti hapa mkekani. Jana baada ya alasiri niliwasikia pale barazani mkimcheka baba yako. Wimbo wa Taifa ulipigwa redioni, akainuka kwa kushika ukuta, magoti yale unayajua, akasimama wima mpaka ukaisha. Sikukuita nikugombeze. Nimechoka, na ugomvi kwa umri wangu hauna faida. Nataka umjue unayemcheka.

Majeshi ya Idi Amin wa Uganda yaliingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, yakateka ardhi yetu mpaka Mto Kagera na kulivunja daraja la Kyaka. Tarehe 2 Novemba tulimsikia Mwalimu Nyerere redioni. Askari waliokuwapo hawakutosha, mgambo wakaitwa. Sisi wa Kondoa tulikuwa wakulima wa uwele na mtama, wengi hatujawahi hata kuliona ziwa. Baba yako alipanda lori hadi Dodoma, kisha garimoshi kwenda Mwanza, akimwacha mama yako na mimba ya dada yako mkubwa. Mimi nilibaki.

Januari yeye na wenzake waliingia Mutukula, Februari wakafika Masaka. Machi ikawa Lukaya, ambako barabara imepita katikati ya kinamasi, huna pa kukimbilia, na mbele yao walikuwapo askari wa Libya waliotumwa na Gaddafi kumwokoa Amin. Miaka yote hii, baba yako akifika Lukaya katika masimulizi hunyamaza, akaomba maji. Mpe maji, usimsukume. Na lile swali lenu la kuua wangapi, liacheni kabisa. Mwulize walikuwa wakila nini, nani alilala naye handakini, mvua ilipowanyeshea walikauka wapi. Hayo atakusimulia mpaka usiku.

Kampala ikatekwa tarehe 11 Aprili 1979. Aliporudi nyumbani alikuta zizi tupu. Mwaka uleule Serikali iliamuru mifugo yote ihamishwe kutoka maeneo yetu yaliyomomonyoka, katika ule mradi wa kuhifadhi ardhi, HADO, na makorongo unayoyaona yamefunikwa na miti leo yalikuwa udongo mwekundu mtupu. Ng'ombe wa babu yako walikuwa wamekwishapelekwa kwa ndugu, mbali. Aliyewaswaga ni mama yako, mtoto mgongoni, kwa kuwa mwanamume wa nyumba ile alikuwa vitani. Kwa hiyo ukihesabu mashujaa wa nyumba yenu, usiishie kwa mmoja.

Kisha ikaja dhiki. Mwalimu alituomba tufunge mikanda miezi 18, ikapita, na sabuni bado tulikuwa tunaipangia foleni. Baba yako hakupigiwa ngoma na mtu. Alichukua jembe, akalima, na kwa jembe hilo wewe umesoma. Sijamsikia hata siku moja akiidai nchi. Hilo ndilo linalonifanya nimheshimu kuliko bunduki aliyoibeba.

Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, unatazama kwenye simu viongozi wakiweka mkuki na ngao mnarani. Vizuri. Lakini wenzake baba yako waliofia vitani wamelala Kaboya, kule Muleba, na aliwahi kuniambia anatamani kuwasomea dua akiwa amesimama kwa miguu yake mwenyewe. Miguu hiyo haitamngoja. Uza alizeti mwaka huu umpeleke, na mama yako aende naye. Kabla ya hapo, Jumatatu ana kliniki ya macho. Nimesikia umemtuma mtoto amsindikize. Nenda wewe.