Upepo Ukishatulia

Sisi tunaoishi chini ya Mlima Meru bahari hatuijui sana. Maji mapana ya karibu nasi ni Ziwa Duluti, pale Tengeru, na hata siku ya upepo mkali huoni humo zaidi ya viwimbi. Sababu yake ni rahisi. Ili wimbi likue, upepo unahitaji mambo matatu: nguvu, muda, na nafasi ya kutosha ya maji ya kupita juu yake. Duluti halifiki kilomita moja ya mraba. Kabla wimbi halijakua, limeshagonga ukingo.

Baharini ni tofauti. Upepo wa kusi hupita juu ya maji kwa maelfu ya kilomita. Mwanzo hukwaruza tu uso wa maji na kuzaa viwimbi vidogo. Lakini viwimbi hivyo vinaupa upepo mahali pa kushika. Unavisukuma mgongoni, vinainuka, na kadiri vinavyoinuka ndivyo vinavyoshika upepo zaidi. Anayejua jinsi hasira inavyokua ndani ya nyumba hahitaji maelezo mengine.

Miaka kadhaa iliyopita mimi na mdogo wangu tuligombana juu ya mpaka wa kihamba alichotuachia baba. Masale yalikuwa yameng'olewa, na kila mmoja alikuwa na mstari wake. Katika kikao cha ukoo nilisimama nikamwita mwizi. Baada ya miezi mitatu wazee walitukalisha, masale yakapandwa upya, nikaomba radhi, akanipa mkono, tukala pamoja. Jumapili iliyofuata tulikwenda wote wawili kwenye Meza ya Bwana. Nilijua jambo limekwisha.

Kisha tukaenda Dar es Salaam kwenye harusi ya familia. Binti wa mdogo wangu, ambaye sasa anasoma huko, alinitambulisha kwa rafiki yake. Alisema kwa upole kabisa: “Huyu ndiye baba mkubwa aliyesema baba yangu ni mwizi.” Siku ya kikao kile alikuwa na miaka saba, na hakuna aliyekumbuka kwamba alikuwapo.

Asubuhi yake nilikwenda kutembea ufukweni Kigamboni. Hapakuwa na upepo hata wa kutikisa jani la mnazi, lakini mawimbi makubwa yalikuwa yakija moja baada ya jingine. Nilimuuliza mzee mmoja mvuvi yanatoka wapi. Akanijibu: “Haya si ya hapa, mzee mwenzangu. Upepo wake umeshalala huko mbali.”

Ndivyo ilivyo. Wimbi likishazaliwa halihitaji tena upepo uliolizaa. Maji yenyewe hayasafiri mbali, huzunguka tu karibu na mahali pake. Kinachosafiri ni ile nguvu yaliyopewa. Mwaka 1963 mtafiti Walter Munk na wenzake walifuatilia mawimbi yaliyozaliwa na dhoruba za bahari ya kusini hadi yakafika Alaska, umbali wa zaidi ya kilomita 10,000. Na mwezi Mei 2007 mawimbi ya dhoruba iliyotokea kusini mwa Afrika yalipiga kisiwa cha Réunion, na siku chache baadaye yakaingia katika visiwa vya Maldives na kufurika makazi ya watu ambao dhoruba ile hawakuiona.

Hapo ndipo swali linaponijia. Mtu akishatubu na kusamehewa, je, bado anadaiwa na mawimbi aliyoyainua?

Wako wanaosema hapana, kwa kuwa yaliyopita si ndwele. Lakini kwa binti yule ndwele ilikuwapo bado. Wako pia wanaosema kwamba kama maumivu yapo, basi msamaha ule haukuwa wa kweli. Nao nadhani wanakosea. Wimbi linalofika leo halithibitishi kwamba upepo bado unavuma. Mdogo wangu alinisamehe kweli, na Mungu vilevile. Msamaha ulituliza upepo. Haukuniambia kwamba mawimbi nayo yamelala.

Mfikirie Zakayo. Bwana aliingia nyumbani mwake kabla hajarudisha hata senti moja, kwa hiyo hakuununua msamaha kwa malipo. Ila aliyepokelewa hivyo hakuweza kukaa mezani akawasahau aliowadhulumu. Aliahidi kumrudishia kila mmoja mara nne. Neema haikumwondolea kazi ile. Ilimpa ujasiri wa kwenda kuifanya.

Niliporudi pale nyumba ya harusi nilimwita binti yule, baba yake akiwepo, na rafiki yake pia. Nikasema nilichosema siku ile hakikuwa kweli, na kwamba nilikosa kwake kama nilivyokosa kwa baba yake. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Nimesikia, baba mkubwa.” Hakusema zaidi, wala sikumdai zaidi.

Yapo mawimbi mengine ambayo siyawezi. Waliokuwa kwenye kikao kile walikwenda makwao na neno langu, na baadhi wameshafariki. Kwa hayo nakumbuka jinsi Marko anavyosimulia ile dhoruba ya Galilaya. Yesu aliukemea upepo, kisha akasema na bahari. Zamani sikuona sababu ya kusema na vyote viwili. Sasa naiona: upepo ukikoma, maji huendelea kuchafuka, na chombo kinaweza kuzama hata upepo ukiwa umeshatulia. Siku ile vilinyamaza vyote viwili.

Basi tunapoungama Jumapili, tushukuru kwa upepo uliotulizwa. Lakini Jumatatu tuulize neno letu limefika ufukwe wa nani. Tunakoweza kwenda, twende wenyewe. Tusikoweza, tumwombe Yeye ambaye bahari nayo humsikia.