Subira ya Mwenyi Kifafa na Wajibu wa Jamaa Zake

Imepokewa na Bukhari, kutoka kwa Ibn Abbas, khabari ya mwanamke mwenyi kifafa aliyemwendea Mtume, rehema na amani zimshukie. Alishitaki mambo mawili: kuanguka na kufunuka nguo. Alipokhiyarishwa baina ya kuombewa afya na kusubiri apate Pepo, alichagua kusubiri. Lakini kufunuka hakukuridhia, akaombewa asifunuke. Basi maradhi yaliweza kustahimiliwa, fedheha haikuweza.

Huko Hai, Kilimanjaro, watoto wa miaka 6 hata 14 walipimwa: zaidi ya nusu ya wenyi kifafa walikuwa na matatizo ya tabia, na wasio nacho hawakufika robo. Sehemu ya hayo yatoka ubongoni. Lakini mtoto anayetengwa chakulani na kuzuiwa chuoni kwa kuogopewa povu lake, hali kifafa hakiambukizi, huzuni yake yatoka kwa watu.

Mzazi wa Makongolosi bara na wa Lamu pwani hukumu yao ni moja: ampe mtoto dawa kila siku, amlaze ubavu aangukapo, amsitiri, amrudishe chuoni kwa wenzake. Subira ni ibada ya mgonjwa. Si udhuru wa jamaa zake.