Muda wa Nani?

Kidari ni nyama ya kifua cha ng'ombe. Misuli hiyo hubeba uzito wa mnyama kila siku anaposimama, ndiyo maana ni migumu. Kichome haraka kama mbavu za mbuzi na utatafuna hadi taya zilalamike. Kiache kwenye moto mdogo masaa 10, hata 12, na zile nyuzi ngumu zitayeyuka polepole ziwe na uteute kama wa supu ya miguu. Hakuna siri nyingine. Kile ambacho hukulipa kwa bucha, unakilipa kwa muda (na kwa gesi, ambayo mwisho wa mwezi inaweza kuuma kuliko nyama yenyewe).

Siku hizi tunapika hivi vyakula vya Kimarekani kwa keja, tukiongozwa na video za YouTube: kidari, mbavu za nguruwe zilizopakwa sosi tamu, mkate wa nyama ya kusaga. Sina shida na hilo, hata mimi hupika. Lakini kuna swali halinitoki: huo muda, hapo mwanzo, ulikuwa wa nani?

Kusini mwa Marekani, kabla utumwa haujafutwa mwaka 1865, karamu kubwa za wenye mashamba zilipikwa na Waafrika waliofanywa watumwa. Wao ndio walichimba mashimo, wakapasua kuni, wakakesha wakigeuza nguruwe mzima juu ya makaa na kumpaka siki na pilipili. Ule upole wa moto tunaousifu leo kama ufundi ulikuwa pia usiku mzima wa mtu asiyeruhusiwa kwenda kulala. Sijui kama hiyo tunaweza kuiita subira.

Rafiki yangu mmoja huniambia nachosha watu. "Chakula ni chakula, bana. Ukianza hivyo hata chai hutakunywa." Ana hoja. Kuna majani chai Kericho yanayokua kwenye ardhi ambayo watu walifurushwa na wakoloni, na bado tunawapikia wageni chai. Ladha haina mwenyewe. Ingekuwa naye, pilau ingeshatufikisha kortini zamani. Isitoshe, wale wapishi hawakuwa machozi matupu. Walijua kazi, na walipopata uhuru wengine waliifanya biashara yao.

Kwa hivyo siamini deni hili linalipwa kwa kukataa kula. Naona liko kwenye jina. Ukisema "nyama ya Kimarekani", picha inayokuja ni mzungu mwenye kofia pana. Henry Perry haji. Huyu alikuwa mtu mweusi kutoka Tennessee, akafika Kansas City mwaka 1907, na mwaka uliofuata alikuwa kichochoroni akiwauzia wafanyakazi nyama ya moshi iliyofungwa kwa gazeti. Sisi tungemtambua mara moja: si ni yule jamaa wa mutura! Alipofariki mwaka 1940, Charlie Bryant, aliyekuwa amemfanyia kazi, aliendeleza biashara. Baadaye ikaenda kwa ndugu yake, Arthur, na mkahawa wenye jina la Arthur Bryant upo hadi leo. Yaani watu walifundishana, mmoja baada ya mwingine, na majina yao yanajulikana. Hayo mapishi hayakuota yenyewe kama uyoga.

Hapa hoja yangu inaanza kunisumbua mwenyewe. Kumtaja Perry jikoni hakunigharimu chochote, na yeye hakumwongezei kitu. Heshima ya bure ni tamu sana kuitoa, hasa kwa marehemu wa nchi nyingine. Kuna pia suala la pesa ambalo majina hayalitatui: kidari kilikuwa nyama ya bei ya chini, kikapata umaarufu, na bei ikapanda nacho. Waliokila kwa sababu hawakuwa na uwezo wa kununua steki sasa wanakiangalia tu kwenye kioo.

Ndiyo maana siwezi kuiacha stori hii Marekani. Mutura ikiletwa kwa sahani nyeupe pale Westlands, na jani la kijani juu, nitauliza aliyewafundisha kujaza ule utumbo ni nani, kama jina lake liko kwenye menyu, na kama analipwa. Halafu nitauliza bei ya kipande kule stejini imefika ngapi.