Majina ya Wazee wa Kale na Maana Zake



Huenda umekwisha kuonyeshwa karatasi yenye majina kumi yaliyomo katika kitabu cha Mwanzo, mlango wa 5, tangu Adamu hadi Nuhu, na kando ya kila jina pana tafsiri yake. Huambiwa kwamba ukizisoma tafsiri hizo kwa kufuatana utapata habari kamili: ya kuwa mtu amewekewa huzuni ya mauti, kwamba Mungu Mbarikiwa atashuka akifundisha, na kwamba kifo chake kitawaletea faraja waliokata tamaa. Kisha huulizwa: Ni nani awezaye kuificha Injili ndani ya Taurati ila Mungu Mwenyewe? Asiyejua Kiebrania hunyamaza, na kunyamaza kwake huhesabiwa kuwa ni kukubali.

Jambo hili si dogo, kwani mtu hutakiwa aweke imani yake yote juu yake. Basi yatupasa kulipima kwa haki.

Kwanza tuyakiri yaliyo kweli. Majina ya Kiebrania yana maana, na baadhi ya maana zilizoandikwa katika karatasi hiyo ni sahihi. Enoshi ni mtu, binadamu. Yaredi hufanana na neno la kushuka. Jina la Sethi hufafanuliwa na Kitabu chenyewe (Mwanzo 4:25): mama yake alisema kwamba Mungu amemwekea uzao mwingine badala ya Habili aliyeuawa na Kaini. Hapo hatuna ugomvi na mtu.

Lakini tazama jina la Mahalaleli. Maana yake ni sifa za Mungu, na mzizi wake ndio ule ule wa neno Haleluya. Kusifu si kubariki. Kubariki kwa Kiebrania ni neno jingine, ndugu wa neno letu baraka, nalo halimo kabisa katika jina hili. Tena Mungu katika jina hili ni mwenye kusifiwa. Kwa idhini ya nani amegeuzwa kuwa ndiye atakayeshuka?

Jina la Methusela ndilo nguzo ya hoja yote, kwa maana bila hilo hakuna kifo katika habari hiyo. Wasema kwamba sehemu ya kwanza ya jina ni kufa. Lakini Kiebrania kina neno la kale lenye maana ya mtu mume, na wataalamu wengi hulisoma jina hili kuwa ni mtu wa silaha. Naam, silaha, kwani neno la Kiebrania lililomo humo ni ndugu wa lile la Kiarabu tulilolipokea sisi Waswahili. Na kama wang'ang'ania kifo, basi wasome mlango wa 4, aya ya 18, ambapo katika ukoo wa Kaini yumo Methushaeli, jina linaloanza vivyo hivyo na kuishia kwa jina la Mungu. Je, hilo nalo watalitafsiri kuwa ni kifo cha Mungu? La, hapo hurudi kusema: mtu wa Mungu.

Katika ukoo huo huo wa Kaini wamo pia Henoko mwingine na Lameki mwingine. Lameki huyo alijisifu mbele ya wake zake kwa kuua mtu. Majina ni yale yale. Mbona katika nyumba ya muuaji hayahubiri Injili? Ama kusema kwamba Lameki maana yake ni aliyekata tamaa, Kiebrania hakina mzizi ulio wazi wa kulithibitisha, na wataalamu hawakukubaliana asili ya jina hilo.

Sisi wenyewe tuna majina kama haya. Mtoto aliyezaliwa Ijumaa huitwa Juma, wa wakati wa mvua huitwa Masika, na aliyezaliwa katika dhiki huitwa Shida. Ikiwa Juma alimzaa Masika, na Masika akamzaa Shida, mtu mwenye werevu aweza kutunga kwamba Ijumaa moja ya masika itatokea shida. Lakini hakuna atakayesema kwamba babu alikuwa akitabiri.

Jina ni ushahidi wa moyo wa aliyelitoa. Sikiliza Lameki, baba yake Nabii Nuhu (a.s.), katika Mwanzo 5:29. Anasema kwamba mtoto huyu atawafariji katika kazi na taabu ya mikono yao, kwa sababu ya ardhi iliyolaaniwa. Neno la ardhi hapo ni adama, ambamo jina la Adamu hutoka. Huyu ni mkulima aliyechoka, anaomba nafuu ya shamba lake! Tena jina Nuhu hasa lina maana ya kupumzika, wala si kufariji. Mzee amefuata mlio wa maneno tu. Nani atamlaumu? Lakini haya hayakufichwa. Yameandikwa wazi, kila msomaji ayaone.

Ukitaka jina ambalo Kitabu chenyewe kimelifungua maana yake, basi litazame la Nabii Ismaili (a.s.). Katika Mwanzo 16:11 malaika anamwambia Hajira, mjakazi aliyekimbia mateso nyikani, amwite mwanawe jina hilo, kwa kuwa Mungu amesikia mateso yake. Ismaili ni Mungu husikia. Baadaye, katika mlango wa 21, mama na mwana wamefukuzwa, maji yamekwisha katika kiriba, na mama amemweka mtoto chini ya kichaka, naye amekwenda kuketi mbali asimwone akifa. Soma habari hiyo yote, msomaji, utafute jina la mtoto. Huliona. Huitwa mwana wa Hajira, au mwana wa mjakazi, au kijana tu. Lakini ufikapo aya ya 17 utakuta kwamba Mungu alisikia sauti ya kijana. Na katika Kiebrania maneno hayo mawili, alisikia na Mungu, ndiyo jina lake.